Penye Chai Baridi

Wino alidanganya bila kupepesa macho. Alikuwa amelala chali kitandani, simu sikioni, na katuni ya kesho hajaianza.

"Mahali ninapopapenda kuliko pote mjini?" alimwambia mhariri. "Kwa Kisirani. Ule mgahawa mkabala na gereji."

Mhariri alikuwa mwanamke, kijana kwa sauti. Gazeti lake lilikuwa na ukurasa wa kila Jumamosi ambamo wasanii wa miji mbalimbali duniani walitaja mahali wanapopapenda mjini kwao. Mfinyanzi mmoja wa mbali alisifu benchi la stesheni ya treni. Mcheza dansi mmoja akasifu kibanda cha fundi viatu wake. Sasa zamu ilikuwa ya Wino, mchora katuni.

"Kwa Kisirani," mhariri alirudia. "Una hakika, kaka? Hakuna pengine? Labda pale unapokwenda kuchorea?"

"Nachorea nyumbani."

"Fikiria vizuri. Watu wanaufuata kweli huu ukurasa."

Ndiyo maana, Wino alisema moyoni.

Nyumbani hakuwahi kuchora hata sikio la mtu. Alichorea kwa Mama Birika, mgahawa wa meza tano nyuma ya posta ya zamani, kwenye meza ya dirishani, mwaka wa tisa huu. Mama Birika ndiye aliyempa jina la Wino, kwa jinsi alivyomharibia vitambaa vya meza. Chai yake ilikuja ikitoka moshi, mkate wake ulikuwa laini, na wakati Wino anachora Mama hakumsemesha. Tangu posta ihamishwe, wateja walikuwa wamepungua hadi wanne kwa siku, Wino akiwa mmoja wao. Mama alilalamika. Wino alimshukuru Mungu kimyakimya. Pepo kama ile aitangaze gazetini, waje kujazana watu wa kupiga picha vikombe? Thubutu!

Kisirani ndiye aliyestahili balaa hilo. Chai yake baridi, meza zake zinanata, na ukimwita mara mbili anakuuliza kama wewe ndiye uliyemzaa.

Wiki hiyohiyo Mama Birika akaanza vituko. Jumatatu alipaka mlango rangi ya buluu. Jumatano akaleta viti sita vipya, bado vimefungwa nailoni.

"Kuna harusi, Mama?" Wino aliuliza, ameziba pua kwa harufu ya rangi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama alijibu, huku akimpangusia meza kwa mara ya tatu. "Na hilo shati, mwanangu, ndilo hilo tu ulilo nalo?"

Maskini, uzee unaingia, Wino aliwaza, akarudi kwenye katuni yake.

Jumamosi gazeti likatoka. Picha ya Wino juu, sifa za Kisirani chini, aya nne nzima. Alipofika kwa Mama Birika alilikuta kaunta, limekunjwa mara mbili. Mama alimletea chai.

"Nimekuona gazetini."

"Ah, mambo ya magazeti tu hayo, Mama."

"Kumbe huwa unakwenda kule."

"Mara mojamoja."

"Chai yake nzuri?"

Wino alipuliza kikombe chake. "Inanyweka."

Mama akaingia jikoni na hakutoka tena mpaka Wino alipoondoka. Roho ilimsuta, asiseme uongo. Lakini alijifariji: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku moja angemweleza ule ujanja wake, na wangecheka wote wawili mpaka machozi.

Kwa Kisirani watu walijaa mpaka gereji. Chai baridi waliipenda, wakasema ndio mtindo wa pale. Kutukanwa walikupenda zaidi. Mwanamume mmoja alirudi na mkewe ili naye atukanwe, na Kisirani, ambaye siku zote alitukana bure kwa ukarimu wake, hakuwaangusha.

Wino alisikia habari hizo akiwa mezani pake, akacheka peke yake. Viti sita vilikuwa vimerudishwa vilikotoka. Wateja wanne walikuwa wamebaki wawili. Utulivu gani huo, jamani! Alichora katuni za wiki mbili kwa siku tatu.

Mwisho wa mwezi aliukuta mlango wa buluu uko wazi, ndani hamna meza isipokuwa yake. Masufuria yalikuwa kwenye maboksi.

"Mama, kulikoni?"

"Nafunga, mwanangu. Nakwenda kukaa na dada yangu." Mama Birika alikuwa anafunga boksi kwa kamba na hakuinua uso. "Nilijipa mwezi mmoja wa mwisho. Nikasema, huenda."

Wino aliliangalia dirisha, akaiangalia meza, na machozi yakamlenga kama mtoto.

"Ungeniambia, Mama! Mimi najulikana mjini hapa. Neno langu moja tu gazetini..."

Akaipangusa meza kwa mkono wa shati.

"Hiyo meza ichukue," Mama alisema. "Kwa dada yangu haitaenea. Huyu atakusaidia kuishika upande wa pili."

Mwanamke kijana alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga kuukuu. Aliinama akashika meza.

"Tuliwahi kuongea kwenye simu, kaka," alisema. "Shangazi ndiye aliyeniomba nikupigie."