Upanga wa Malkia

Mhunzi alipouzamisha upanga uliotoka motoni kwenye mafuta ili uwe mgumu, alisikia mlio mdogo, ti, kama wa glasi inayopasuka. Moyo ulimlipuka.

Siku tisa alikuwa akiufua, sawasawa na ule wa malkia katika tamthilia ambayo mdogo wake hakukosa hata sehemu moja. Leo jioni mdogo wake alikuwa anapelekwa hospitali kupasuliwa moyo. "Dada, niushike japo kidogo kabla sijapanda gari," alikuwa ameomba.

Akaufuta haraka haraka, akaupeleka mlangoni penye mwanga. Karibu na mpini palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Upige msasa tu," alisema mjomba wake, aliyemfundisha kazi. "Wa kutundikwa ukutani huo. Nani ataona?"

"Yeye, mjomba. Ataupitishia ukucha mwanzo mpaka mwisho."

"Gari linaondoka saa kumi. Huna muda wa kufua mwingine."

Mhunzi alirudi ndani kwenye meza ya kazi. Aliubana upanga kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma, akaupinda kwa mikono miwili mpaka ukakatika. Kisha akainama kwenye rundo la vyuma, akachomoa kipande kifupi.

"Vukuta moto, mjomba. Malkia alikuwa na jambia fupi pia."