Askari Aliyesomea Uchawi

Tirso alimharibu askari wake mchana kweupe, duka zima la kompyuta likitazama.

Alikuwa amepanda ngazi mpya katika mchezo, na skrini ikamuuliza anataka kumwongezea askari kitu gani: nguvu za mkono au ugumu wa ngozi? Mtu mwingine yeyote angechagua kimojawapo. Tirso akabonyeza kitabu. Jitu lake la chuma, lenye ngao kubwa kama mlango, likawa mwanafunzi wa uchawi.

"Mtu wa kisiwa cha Siquijor kweli!" mmoja akapiga kelele. "Kwenu si mnaroga hata bila kompyuta?"

Watu wakaangua kicheko. Tirso naye akacheka, akaendelea kutafuna ndizi yake ya kukaanga. Glecerie peke yake hakucheka.

Glecerie alikuwa msaidizi wa Rodel, kiongozi wa kundi lao. Wawili hao ndio waliolianzisha, mwaka ule wa kimbunga, duka likiwa bado halijarudishiwa paa. Ngome yao mchezoni, Bantay, aliichora Glecerie: kuta, mahandaki, malango. Lakini juu ya lango kuu lilining'inia jina la Rodel, na mji mzima wa Dumaguete waliiita ngome ya Rodel.

Siku hizi ngome ilikuwa na mdudu ndani. Mara mbili wapinzani wao, vijana wa duka la ng'ambo ya barabara, waliingia Bantay bila kubomoa hata tofali. Mtu wa ndani aliwafungulia. Tangu hapo kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Glecerie akavuta kiti karibu na Tirso. "Hebu niambie, Dong," alisema kwa upole, akimwita kama mdogo wake wa kiume. "Kazi yako ni kusimama mbele upigwe wewe, sisi tupone. Uchawi wa nini tena? Deraya nzito ya chuma si inaukwamisha?"

"Ule mkubwa unakwama, Manang," alijibu, kwa neno la heshima kwa dada mkubwa. "Huu mfupi mfupi unapita. Ona." Askari akainua mkono, na duara la mwanga likamzunguka. "Ngao inakinga mbele tu. Hii inakinga hadi mgongoni."

"Nani akupige mgongoni? Nyuma yako si tupo sisi?"

"Ndiyo, Manang," Tirso alijibu, macho yake kwenye skrini. "Nyuma yangu mpo nyinyi."

Jibu lile lilimkaa Glecerie kama mwiba wa samaki kooni. Akamfuata Rodel, aliyekuwa kaunta akichokonoa simu ya mteja kwa bisibisi.

"Simwamini yule kijana," alimnong'oneza. "Hakuna mtu anayejenga askari namna ile bila sababu. Mtoe kabla ya vita vya Jumamosi."

"Lakini Day," Rodel alisema, akimwita kama dada yake, "tulivamiwa kabla hata hajajiunga nasi."

"Wajuaje? Labda alikuwa anatuchungulia kutoka nje."

Rodel akaweka bisibisi chini. "Nikimtoa kila ninayemshuku," alisema, "nitabaki na nani?"

Wiki ile Glecerie hakuwa na raha. Kazini kwake, kwenye duka la dawa, alimpa bibi mmoja dawa ya tumbo badala ya kikohozi, ikabidi amkimbilie hadi kituo cha pedikabu, zile baiskeli za kubeba abiria. Jioni alijifanya anapita tu nyuma ya kiti cha Tirso. Alimwona akijifunza uchawi wa kurudisha mkuki ulikotoka, kisha ule wa kuwa mzito kama mwamba asisukumike. Hapo alimwelewa, na moyoni hata akamvulia kofia: chuma kwa ajili ya panga, uchawi kwa ajili ya yale ambayo chuma hakiyawezi. Mtu kama huyo haanguki.

Ni uchawi wa mwisho uliomshtua. Uliitwa Komeo. Haukumzuia adui hata kidogo. Ulifunga malango ya ngome yako mwenyewe, hata aliye na ufunguo asiweze kuyafungua.

"Atatufungia nje ya nyumba yetu!" alimwambia Rodel. "Bado huoni tu?"

Rodel akamgeukia. "Basi msimamie wewe. Siku ya vita kaa naye lango kuu, usimwache hatua moja."

Glecerie alikubali kabla Rodel hajamaliza kusema.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mvua ikipiga mabati, viti vyote vilijaa. Kwenye skrini mienge ya adui ilitokeza bondeni, mingi kama kumbikumbi, ikapanda moja kwa moja kuelekea lango kuu. Glecerie alimweka mpiga mishale wake pembeni mwa askari wa Tirso.

Askari akageuka. Akalipa lango mgongo, akamwelekezea ngao mpiga mishale.

"Dong, umegeukia wapi? Adui yuko nje!"

"Najua, Manang."

Mwanga wa buluu ukatambaa juu ya mbao za lango. Komeo likajifunga. Nje, mienge ikasimama, kama watu waliobisha hodi wakakosa wa kuwaitikia.

Glecerie akageuza shingo kumtafuta Rodel. Rodel hakuwa akitazama vita. Alikuwa akimtazama yeye, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyemwomba asomee uchawi, Day," alisema taratibu.

Glecerie aliinamisha kichwa, akaivuta simu yake chini ya meza, akawaandikia wale wa ng'ambo ya barabara: "Rudini. Leo siwezi kuwafungulia."