Pazia Alilolifumua Mnana

Kwa kusuka, hakuna ndege aliyemfikia Mnana. Alimsukia mfalme Simba pazia la nyasi, na wanyama wakatoka mbali kuja kulitazama tu. Simba akajaa kiburi, akakifunga kisima cha wanyama wote, akawa anakunywa peke yake.

Nyani akaja na kijinga cha moto. "Tulichome pazia lake, ashike adabu!"

"Thubutu!" Mnana alifoka. "Kazi ya mikono yangu haiguswi na mwingine." Akaruka, akalifumua mwenyewe, unyasi mmoja mmoja, mchana kweupe, Simba akitazama.

Mbele ya hakimu Kobe, Simba alinguruma: "Lilikuwa langu!"

"Lilikuwa lako," Mnana akakubali. "Lakini kwetu, kiota kikikataliwa, aliyekisuka hukifumua. Na hili lililokutia kiburi, wenye kiu wamelikataa."

"Sheria haijui mambo ya viota," Kobe alisema. "Una hatia. Utalisuka upya."

Mnana akatanua kifua. "Nitalisuka, mheshimiwa. Ila nyasi kavu hukatika, lazima zilowe. Kisima kikae wazi mpaka nimalize."

"Kikae wazi," Kobe akaamuru.

Wanyama wakanywa mpaka wakatosheka. Na Mnana, fundi asiye na mpinzani, hadi leo hajalimaliza pazia la mfalme.