Saa ya Goulven

Soazig aliibwaga saa ya mkononi juu ya jiwe la gati, mbele ya kijiji kizima.

"Isomeni! Imesimama saa tisa na dakika kumi. Huyu aliandika saa kumi!"

Huyu alikuwa Efflam Kerbrat, msagaji wa mwisho wa kinu kilichozungushwa na maji ya bahari. Bahari ikijaa, maji yaliingia bwawani. Ikipwa, yalitoka yakisukuma gurudumu. Saa za maji alizijua yeye, na kila asubuhi aliziandika kwa chaki mlangoni. Waokota kombe wa ufukoni waliuamini mlango ule kuliko macho yao.

Jumapili moja ya Machi, miaka ishirini iliyopita, mlango ulisema maji yatarudi saa kumi. Goulven, mume wa Soazig, alishuka ufukoni na kikapu. Mkononi alivaa saa ambayo mkewe aliitia ufunguo asubuhi ile, kama kawaida yake. Jioni maji yalimrudisha maiti.

Soazig aliivua ile saa, akaificha sandukuni, akaanza kazi. Alipita nyumba kwa nyumba: "Ngano yenu mnampelekea muuaji?" Dhoruba za karne tatu hazikukiweza kinu kile, ulimi wake ulikimaliza kwa miaka miwili. Paa lilipoanguka alikuja gatini kucheka. Kerbrat hakujitetea hata siku moja.

Leo wakubwa wa wilaya walikuja kuyakarabati magofu na kubandika jina la msagaji ukutani. Ndipo saa ikatoka sandukuni.

"Jina lake likaandikwe kaburini!" Soazig alifoka.

Kerbrat aliinama, akaiokota. Aliitazama mishale yake.

"Hii sijawahi kuiona, shemeji. Miaka yote hii nilidhani nilikosea hesabu."

"Ushemeji ulikufa na Goulven!"

"Nijibu moja tu. Siku ile misa mliiwahi?"

"Misa gani? Tulikuta watu wanatoka. Padri naye siku hiyo sijui alikuwa anakimbilia wapi!"

Wazee walianza kutazamana. Mmoja alivua kofia.

"Padri hakukimbilia popote," Kerbrat alisema taratibu. "Jumapili ile ndiyo ya kwanza serikali kutuamuru tusogeze saa zetu mbele, saa nzima. Saa tisa hii ilikuwa saa kumi yetu. Sasa niambie, shemeji, saa ya Goulven alikuwa akiirekebisha nani?"