Kinyago cha Mlangoni

Mzee Shekuwe hakuwa na mke, hakuwa na redio, wala mtu wa kunywa naye. Alikuwa na baa ndogo ya mianzi aliyoijenga sebuleni, na kinyago cha visiwa vya mbali alichotumiwa na rafiki yake baharia, Maboko. Alikitundika juu ya mlango kikaribishe wageni.

Jirani yake, Bi Mwanaidi, aligoma kizingitini. "Zindiko hilo, mzee wangu! Nipite chini yake nivimbe tumbo?"

"Pambo tu, bibie. Ingia."

"Pambo lina meno?" Akaenda zake.

Mzee akakishusha kinyago, akakikalisha kwenye kiti cha pili, akakimiminia juisi ya nanasi. Kisha akaandika: "Maboko, njoo. Kinyago chako kimekalia kiti chako." Akailamba bahasha, akaifunga, akaenda kuitia posta. Mlango aliuacha wazi.