Chungu cha Pumba

Lori la kuwahamishia Osaka lilipiga honi tena. Fumie alikuwa bado ameinamia chungu, mkono umezama hadi kiwikoni katika pumba za mchele zilizorowekwa maji ya chumvi.

Pumba hizo za kusindikia matango zilirithiwa kutoka kwa nyanya wa mavyaa wake. Usipozivuruga kila siku kwa mkono mtupu, chachu iliyo hai ndani yake inakufa. Mavyaa alipozikwa, zamu ikamwangukia yeye.

"Wee! Mwaga uozo huo!" mumewe alifoka. "Huko ghorofani watatutimua!"

"Namwaga, baba watoto!"

Zilikuwa na uvuguvugu, kama tumbo la mtoto aliyelala.

Akazimwaga bustanini, akafunga mkoba wake, akapanda lori.

Darajani mumewe akanusa. "Mbona bado kunanuka?"

"Ni mkono wangu tu," alisema Fumie, huku mkoba mapajani mwake ukianza kulowana.