Sauti ya Kwenye Usukani

Siku hizi kila mjane hupewa sauti ya marehemu mumewe, nayo ikikosea huripotiwa, ikafutwa. Kadzo alitiliwa ya Nyale kwenye usukani wa baiskeli. Asubuhi hiyo alishika peke yake njia ya pwani, upepo ukimpiga ubavuni.

“Inama. Umekaa wima kama bibi harusi,” sauti ilimtania, na kicheko kilikuwa cha Nyale hasa.

Kadzo akainama.

“Hivyo hivyo, Mama Rehema.”

Akafunga breki. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, naye ni Sidi. Rehema ni nani? Au amepewa mume wa mtu? Kidole kilisita juu ya kitufe cha kuripoti.

“Mbona kimya, Mama Rehema?”

“Nipo, Baba Rehema,” alijibu, akaendelea kukanyaga pedali.